Stabilaiza nene za gari: mwongozo kamili wa kuchagua, kufunga na kurekebisha

Kosa linalojirudia ni hili. Mtu anaona gari lake linalala sana kwenye kona, anaagiza stabilaiza mbili nene kuliko zote zilizopo, anazifunga mbele na nyuma siku moja, kisha anashangaa. Gari halilali tena, lakini pua bado inatoka nje ya kona. Au mbaya zaidi: mkia, ambao zamani ulikuwa mtulivu, sasa unakimbia lami ikilowa.

Alinunua unene, na alichokuwa anahitaji ni mizani kati ya mbele na nyuma.

Stabilaiza ni chuma cha springi kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Gari likiingia kona, upande mmoja unabonyea na mwingine unanyanyuka, chuma kinanyongwa kama nguo inayokamuliwa, na ubishi wake ndio unaozuia bodi isilale. Ila haipunguzi uzito unaohamia matairi ya nje ya kona. Uzito huo unategemea uzito wa gari lenyewe, kimo cha kitovu chake cha uzito, upana kati ya matairi, na ukali wa kona. Stabilaiza inaamua jambo moja tu: sehemu kubwa ya uzito huo ibebwe na ekseli ya mbele au ya nyuma.

Hapo ndipo siri ilipo. Tairi likiongezewa mzigo mara mbili, mshiko wake hauongezeki mara mbili. Unaongezeka kwa kiasi kilicho chini ya hapo. Kwa hiyo ekseli ambayo tairi lake la nje limelemewa na la ndani limebaki jepesi, kwa jumla inashika kidogo. Ukikaza stabilaiza ya mbele, yaani ukiifanya ngumu zaidi, pua ndiyo inayotangulia kuachia. Ukikaza ya nyuma, mkia ndio unaotangulia.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kununua chochote

Vya kupimia:
- Kalipa, na si rula. Tofauti ya milimita moja hapa ni kubwa.
- Geji ya upepo wa tairi unayoiamini.
- Futi ya kupimia, daftari na kalamu.
- Tochi.

Vya kufungia:
- Jeki, stendi mbili imara za kukalisha gari, na vizuizi vya matairi.
- Soketi, racheti, spana, na eleni kii kwa ajili ya kushikilia kichwa cha linki (kijiti kinachounganisha mwisho wa stabilaiza na mguu wa gurudumu) kisizunguke.
- Spana ya kupimia mkazo, pamoja na vipimo vya mkazo vya gari lako kutoka kwenye kitabu cha ufundi.
- Brashi ya waya na mafuta ya kulegeza kutu.
- Grisi ya silikoni kama bushi utakazotumia (vipande laini vinavyoishika stabilaiza chini ya gari) ni za poliurethani, plastiki ngumu kuliko raba.
- Nati mpya za kujifunga. Zilizokwisha kufunguliwa mara moja zitupe.

Eneo la majaribio nalo ni kifaa: uwanja mpana wa lami, uliofungwa, usio na watu, nguzo wala magari mengine. Kama huna, tafuta kwanza. Majaribio ya namna hii hayafanywi barabarani.

## Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa si mwingine

Magari mengi yanayolalamikiwa kuwa yanalala yana shokapu zilizokufa, bushi zilizokauka au linki zinazocheza. Linki ikicheza, stabilaiza inachelewa kuanza kazi: bodi inalala kwanza, ndipo chuma kinashituka na kuanza kubisha. Ukiweka stabilaiza nene juu ya linki hiyo, utapata kelele kubwa zaidi na mabadiliko madogo.

Pima upepo matairi yakiwa ya baridi. Shika linki kwa mkono na uitikise, ikigonga, imekwisha. Mulika bushi za stabilaiza kwa tochi: ukiona uwazi kati ya raba na chuma, au chuma kimelika pale kinapokaa, badilisha. Bonyeza kila kona ya gari kwa nguvu na uachie. Bodi ikiendelea kuruka badala ya kutulia, shokapu imechoka. Kisha peleka gari likafanyiwe alaimenti.

Utajua umefaulu gari likikata kona bila sauti yoyote ya kugonga na likakaa lilivyotoka kiwandani. Wapo ambao safari yao inaishia hapa, na hawana sababu ya kuendelea. Bushi mpya kwenye stabilaiza ya zamani huwashangaza wengi.

## Hatua ya 2: Tambua upande unaoachia kwanza

Hatua hii ndiyo watu wanayoiruka, na ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata.

Kwenye uwanja uliofungwa, chora duara lenye nusukipenyo cha mita 30 hivi kwa koni laini au chaki. Zunguka taratibu ukibaki kwenye gia ileile, ukiufuata mstari. Ongeza kasi kidogo kidogo bila kukanyaga mafuta kwa kushitukiza, na uangalie mikono yako.

Kama kila unapoongeza kasi unalazimika kuzidisha usukani ili ubaki kwenye mstari, pua inatoka. Kama unalazimika kuurudisha usukani, mkia unatoka. Kama usukani unabaki karibu palepale hadi matairi yote yanaanza kulia pamoja, gari lako lina mizani nzuri, na unachotaka labda ni kupunguza kulala tu. Fanya upande wa kulia, kisha wa kushoto. Vipimo rasmi vya viwandani vya kuendesha kwenye duara, ISO 4138, vinatumia wazo hilihili.

Andika pia kinachotokea katika sehemu tatu za kona, kwa sababu si ugonjwa mmoja: unapoingia, unapokuwa katikati, na unapokanyaga mafuta kutoka. Pua inayotoka wakati wa kuingia tu mara nyingi ni dereva aliyechelewa kuachia breki. Hakuna chuma kinachotibu hilo.

Onyo: usizime mfumo wa kudhibiti utelezi kwa sababu tu umeona mtu amefanya hivyo kwenye video. Uache uwake. Taa yake ikianza kumweta, umeshafika mwisho wa mshiko na umepata jibu ulilokuwa unalitafuta.

## Hatua ya 3: Pima ulichonacho

Usiamini orodha ya muuzaji wala jina la gari. Aina moja ya gari inaweza kutoka kiwandani na stabilaiza za unene tofauti kulingana na injini, mwaka na daraja la gari. Futa uchafu kwa brashi, kisha pima kwa kalipa katikati ya chuma, mahali palipo sawa, mbali na bushi. Rangi iliyovimba inaongeza milimita ya uongo, kwa hiyo ikwangue kidogo.

Andika unene wa mbele na wa nyuma. Pima pia urefu wa mkono, yaani umbali kutoka sehemu inayonyongwa hadi tundu la linki.

Ukifika nyuma usikute stabilaiza, usishangae. Magari mengi madogo yanayovutwa na matairi ya mbele yana boriti moja nyuma inayojinyonga yenyewe na kufanya kazi hiyo. Kwa hayo, stabilaiza ya ziada hufungwa kwenye boriti yenyewe, na mara nyingi haina linki.

Angalia pia kama gari lako lina mfumo unaodhibiti stabilaiza kwa haidroliki au umeme. Land Cruiser 200 na Prado 150 zilizo na KDSS, kwa mfano, stabilaiza zake zimeunganishwa na mitungi ya haidroliki inayoziachia njia ikiwa mbovu. Kwenye gari kama hilo achana na mwongozo huu. Huo mfumo hauchanganywi na chuma cha dukani.

## Hatua ya 4: Amua ubadilishe mbele au nyuma

Anza na upande mmoja tu.

Pua inatoka: kaza nyuma. Ndiyo dawa ya kawaida kwa magari yanayovutwa na matairi ya mbele, ambayo viwanda huyaacha na nyuma laini makusudi, kwani dereva wa kawaida akishtuka ni salama zaidi pua itoke kuliko mkia.

Mkia unatoka: kaza mbele, au rudi kwenye stabilaiza nyembamba ya nyuma. Njia hii ya pili haipendwi, maana nani anataka kununua kitu chembamba? Lakini mara nyingi ndiyo sahihi, hasa kama mwenye gari wa kwanza alishafunga chuma kinene nyuma.

Mizani iko sawa ila gari linalala: hapo tu ndipo inapofaa kukaza mbele na nyuma, kwa uwiano unaokaribiana.

Kanuni hizi zina vighairi. Magari yenye shokapu ndefu za MacPherson mbele, mguu unaobeba springi na shokapu pamoja, hupoteza mlalo mzuri wa tairi bodi ikilala sana: tairi la nje linakanyagia ukingo wake. Kwa baadhi yao, kukaza mbele kiasi kunalisimamisha tairi, na pua inashika vizuri zaidi ingawa kanuni inasema kinyume. Dalili utaiona kwenye tairi lenyewe: ukingo wa nje umelika kuliko katikati, na alaimenti iko sawa.

Fikiria pia matairi yanayopokea nguvu ya injini. Kadiri unavyokaza ekseli, ndivyo tairi lake la ndani linavyokuwa jepesi. Gari linalosukumwa na matairi ya nyuma, lenye difu ya kawaida, likikazwa sana nyuma litazungusha tairi la ndani bure wakati wa kutoka kwenye kona. Linalovutwa na mbele hivyohivyo likikazwa mbele.

Kwenye gari linalovutwa na mbele, tairi la nyuma la ndani linaweza hata kunyanyuka kutoka ardhini. Likinyanyuka kidogo si balaa. Lakini likishanyanyuka, ekseli ya nyuma imehamisha kila ilichokuwa nacho, na kukaza zaidi hakuongezi kitu.

## Hatua ya 5: Piga hesabu ya unene

Ugumu wa stabilaiza iliyojaa, isiyo na uwazi ndani, unafuata unene ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Ndiyo maana milimita mbili zinazoonekana si kitu zinabadilisha gari zima.

Chukua stabilaiza ya milimita 22. Zidisha 22 × 22 × 22 × 22, unapata 234,256. Fanya hivyo kwa 24, unapata 331,776. Gawanya kubwa kwa ndogo: 1.42. Umeongeza ugumu kwa takribani asilimia 42. Milimita 25 inakupa asilimia 67 hivi. Milimita 26 inakaribia mara mbili kamili.

Mkono nao una sauti yake. Ukifupisha mkono kutoka milimita 200 hadi 180, ugumu unaofika kwenye tairi unapanda kwa karibu asilimia 23, bila kubadilisha unene hata kidogo. Hivyo stabilaiza mbili zenye unene sawa kutoka kwa watengenezaji wawili zinaweza zisiwe sawa hata kidogo. Anayekutajia unene bila urefu wa mkono amekupa nusu ya habari.

Usitegemee pia kwamba ugumu ukiwa mara mbili kulala kutapungua kwa nusu. Springi nazo zinazuia kulala. Tuseme stabilaiza inachangia asilimia 40 ya ukinzani wa ekseli hiyo, na springi asilimia 60: ukiikaza mara mbili, ukinzani wote wa ekseli unapanda kwa asilimia 40 tu.

Kwa gari la kila siku, ushauri wangu ni kuongeza kati ya asilimia 30 na 70 upande mmoja. Chini ya hapo utatumia pesa usihisi kitu. Juu ya hapo matatizo mengine yanaanza kuamka: shokapu haziwezi tena kutuliza mtikisiko wa upande hadi upande, na tairi moja likikanyaga shimo, kishindo kinahamia upande wa pili na vichwa vya abiria vinayumba. Matuta yanayokanyagwa na matairi yote mawili kwa pamoja hayana shida, kwa sababu hapo chuma kinazunguka tu ndani ya bushi bila kunyongwa.

Kwa wanaopita njia za mawe na makorongo, jibu langu ni fupi: usikaze. Tairi linahitaji uhuru wa kushuka lifuate ardhi. Ndiyo maana Jeep Wrangler Rubicon ina swichi ya kuiachia stabilaiza ya mbele.

## Hatua ya 6: Iliyojaa, ya bomba, au yenye matundu

Stabilaiza ya bomba ina uwazi ndani. Katikati ya chuma hufanya kazi ndogo sana kikinyongwa, kwa hiyo kukiondoa kunapunguza uzito kuliko ugumu. Bomba la milimita 25 lenye ukuta wa milimita 4 lina karibu asilimia 79 ya ugumu wa chuma kilichojaa cha unene huohuo, kwa asilimia 54 tu ya uzito wake. Linalingana na chuma kilichojaa cha milimita 23.5. Kwa hiyo ukilinganisha bomba na kilichojaa kwa unene wa nje pekee, umejidanganya. Uliza ukuta wake.

Maneno makubwa kuhusu aina ya chuma yapunguzie masikio. Vyuma vya aina zote hukaribiana sana kwa ugumu wa kunyongwa. Chuma bora hustahimili zaidi kabla ya kuvunjika au kupinda moja kwa moja. Hakifanyi stabilaiza iwe ngumu zaidi kwa unene uleule.

Kama bei inaruhusu, chukua yenye matundu mawili au matatu kwenye kila mkono. Tundu la karibu na mwili wa chuma ni gumu, la mwishoni ni laini. Hata ukikosea kidogo hesabu, utapata nafasi ya kujirekebisha bila kununua tena.

## Hatua ya 7: Bushi, linki na breketi

Bushi ya milimita 22 haiingii chuma cha milimita 24, na kuilazimisha ni kuifunga stabilaiza isizunguke. Agiza bushi pamoja na chuma chake. Za raba ziko kimya na hazitaki kitu. Za poliurethani hubonyea kidogo, hivyo chuma kinajibu haraka, ila zisipopakwa grisi zitapiga kelele kama mlango wenye kutu.

Linki nyembamba za kiwandani huchoka upesi zikipewa chuma kinene. Gari lililoshushwa linahitaji linki fupi zaidi au zinazorekebishika, ili mkono na linki vikutane karibu na pembe mraba gari likiwa limesimama.

Kagua pale breketi, vibano vinavyoishika stabilaiza na bushi zake, zinapofungwa. Nguvu yote ya chuma kipya inaishia hapo. Honda Civic za miaka ya 1990 zinajulikana kwa kuchanika bati la nyuma stabilaiza nene ikifungwa bila kiimarisho. Ukiona kutu au ufa, tengeneza kwanza.

## Hatua ya 8: Funga

1. Egesha sehemu tambarare, weka vizuizi, nyanyua matairi yote mawili ya ekseli hiyo na ukalishe gari kwenye stendi. Ukinyanyua upande mmoja, chuma kimenyongwa, na kinaweza kukurukia ukifungua linki. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee.

2. Nyunyiza mafuta ya kutu na usubiri. Fungua linki ukishikilia kichwa chake kwa eleni kii, kisha breketi. Piga picha namna chuma cha zamani kilivyokaa. Nimeona zilizofungwa kichwa chini, miguu juu.

3. Kama bushi ni za poliurethani, zipake grisi ndani; ingiza chuma kipya, funga breketi kwa mkono tu. Kisogeze kikae katikati. Kinapaswa kuzunguka kwa mkono. Kikigoma, bushi si zake.

4. Zungusha usukani mwisho hadi mwisho na umulike: chuma kisiguse mpira wa breki, shafti, egzosi wala rimu.

5. Shusha gari likae kwa uzito wake, juu ya njia za kupandishia, ndipo ufunge linki na kukaza kila kitu kwa spana ya kupimia. Raba ikikazwa magurudumu yakining'inia, itabaki imenyongwa siku zote na itapasuka mapema. Linki ya mwisho iingie kwenye tundu lake bila kulazimishwa. Ukihitaji nondo kuisukuma, chuma tayari kinabeba upande mmoja, na gari litakata kona ya kulia tofauti na ya kushoto. Rekebisha urefu wa linki.

Utajua umefaulu gari likikaa sawa kushoto na kulia, na likipanda ukingo mdogo kwa tairi moja bila mlio wowote.

## Hatua ya 9: Jaribu, kisha sogeza tundu moja

Anza na tundu laini zaidi. Rudi kwenye duara lile lile, upepo ule ule, na ulinganishe na daftari lako. Kipimo ni usukani: kama awali ulizidisha sana, sasa uzidishe kidogo tu. Gari la barabarani liachiwe pua itangulie kutoka kidogo. Mizani kamili ni tamu uwanjani, lakini kwenye mvua, ukikwepa kitu ghafla, mkia hauna subira.

Haijatosha? Sogeza tundu moja, mikono yote miwili, urudie. Usiguse upepo wala alaimenti siku hiyo, la sivyo hutajua kipi kimefanya nini. Kisha jaribu lami ikiwa imelowa, kwa kasi ndogo. Mkia ukikimbia hapo, rudisha tundu nyuma hata kama pakavu ulifurahia.

Baada ya kilomita 100 hivi, kaza upya breketi na linki kwa spana ya kupimia, na uangalie kama kuna alama ya kung'aa mahali chuma kilipogusa kitu. Stabilaiza ya zamani, na bushi zake, zihifadhi mpaka msimu mmoja wa mvua upite.